"Lini Tena?"

Likizo ndefu iliyopita tulikuwa wanachuo watano kutoka mkoa wa Njombe, na tulikuwa na wazo moja ambalo wakati ule tuliliona kubwa kweli. Tukachangishana, tukakodi projekta ya siku moja, tukaongea na mwenye kibanda umiza jirani na stendi ya Makambako, tukawaonyesha watu dokumentari bure. Jumatatu, siku ambayo haikuwa na mechi. Tulitegemea watu ishirini. Walijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni wamejifunika makoti.

Filamu ilikuwa Thank You for the Rain, ya mwaka 2017. Mkulima wa Kitui, Kenya, Kisilu Musya, anapewa kamera na mtengeneza filamu wa Norway, Julia Dahr, halafu anajirekodi mwenyewe na familia yake kwa miaka kadhaa: ukame, mafuriko, ada za watoto, mikutano ya kuwabembeleza majirani wapande miti. Kuna usiku dhoruba inang'oa paa la nyumba yake. Sasa Makambako upepo hatufundishwi. Paa lilipoanza kunyanyuka mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Bati linaenda hilo!" Kibanda kizima kikacheka, halafu kikanyamaza ghafla, kwa sababu kwenye skrini palikuwa na watoto.

Mwishoni Kisilu anafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Taa zilipowashwa mzee mmoja akasimama, akatusalimia kamwene, akasema maneno ambayo mpaka leo yananisumbua: "Huyu Mkamba amekwenda Ulaya kusema habari za shamba lake. Sisi viazi vyetu vikioza shambani, anajua nani?" Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mbolea, mbegu, misimu iliyobadilika, madalali wa parachichi. Tulishindwa hata kuongoza mazungumzo. Tulipokuwa tunakunja waya yule mzee akanifuata akaniuliza, "Lini tena?"

Tukatazamana. Nikamwambia tutawajulisha. Hatujawajulisha mpaka leo.

Naandika makala hii kwa sababu ya swali lile. Kila tukikaa vimbwetani kuzungumzia utamaduni wa filamu mikoani tunalia ukosefu wa vifaa, ukosefu wa majumba ya sinema, ukosefu wa fedha. Mimi nasema kilichokosekana Makambako usiku ule kilikuwa tarehe ya pili tu. Projekta ilipatikana, kibanda kilikuwepo, watu walikuja na njaa ya kuongea. Sisi ndio tulikuja kama wageni kwenye mji wetu wenyewe.

Na tabia hii ya kuja na kuondoka si ya jana. Mwaka 1935 wakoloni wa Kiingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu pale Vugiri, milima ya Usambara. Kwa miaka kama miwili wakapiga filamu fupi za kufundisha Waafrika kilimo na afya, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Lori linafika, kitambaa kinatundikwa, watu wanashangaa, lori linaondoka. Mama yangu naye anakumbuka gari la sinema la serikali alipokuwa mtoto. Nilimuuliza lilifundisha nini. Akafikiri, akasema, "Kulikuwa na ng'ombe." Basi. Siku hizi ni miradi: bango, tisheti, picha ya pamoja, kesho yake uwanja mtupu.

Onyesho la mara moja lina kasoro yake ya asili. Siku ya kwanza watu wanakuja kushangaa. Wakijua kuna mwezi ujao ndipo wanaanza kubishana, kwa sababu wanajua watapata nafasi ya kumalizia. Na kuna mambo ambayo hakuna mtu atayasema siku ya kwanza hata ukimpa maikrofoni ya dhahabu.

Chukua hili la VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha Njombe ndio mkoa wenye maambukizi ya juu kuliko yote nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Semina tumepata mpaka tumezichoka. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukutajia njia zote za maambukizi bila kupepesa macho, na bado ukimpeleka mtu kliniki atashukia kituo cha mbele ili majirani wasimwone.

Kusini mwa Afrika walijaribu kitu kingine. Mwaka 2001 ulianza mradi ulioitwa Steps for the Future: dokumentari nyingi kuhusu maisha ya watu wenye VVU, zikatafsiriwa kwa lugha za wenyeji na kupelekwa vijijini zikiwa na mtu wa kuongoza mazungumzo. Moja niipendayo ni Ask Me, I'm Positive ya Teboho Edkins, ya 2004. Vijana watatu wa Lesotho wanazunguka milimani na sinema ya kubebeka. Wanaonyesha filamu, halafu wanasimama wao wenyewe mbele ya watu na kusema: tunaishi na virusi, tuulizeni. Niliiona nikiwa mwaka wa kwanza kwenye laptopu ya rafiki, na nilichokiona mimi ni Njombe. Ile baridi, watu wamejitanda mablanketi, vilima, wazee wasiotaka kucheka haraka. Wanaulizwa maswali ya kijinga na maswali ya kuumiza, wanajibu yote. Nilitamani sana ile filamu ionekane Makambako, ambako barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na ile kuu ya Tunduma, ambako TAZARA inapita na malori yanalala. Lakini siwezi kuionyesha mara moja halafu nikimbilie chuo. Mtu akifunguka mbele ya majirani usiku ule, mimi nikapanda basi asubuhi, nitakuwa nimemfanyia nini?

Kuna nyingine, The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka 2019 na ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Bibi wa Kilifi anatuhumiwa uchawi, na nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mkoa wetu haujasahau mauaji ya watoto ya mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, wala hofu iliyotanda baadaye. Kuzungumzia imani hizo kwa kumtaja jirani ni hatari. Kuzizungumzia kupitia bibi wa Kilifi inawezekana.

Najua wapo watakaosema dokumentari zenye tuzo ni za wazungu kutupiga picha tukiwa uchi. Siwabezi. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilizungumzia sangara wa Mwanza, ikapata tuzo Ulaya na kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikosoa hadharani kwamba inaichafua nchi. Nimeiangalia na mimi naona ina mahali inapoonea: inadokeza silaha kwenye ndege za minofu bila kutuonyesha hata bunduki moja. Lakini angalia kilichotokea. Nchi nzima ilibishana kuhusu filamu ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuipasua vipande vipande ni mchuuzi wa mapanki wa Mwanza, na angeipasua vizuri kuliko mhakiki yeyote wa Paris. Tuzo inampa mtu wa mbali ruhusa ya kusema filamu ni nzuri. Ya kwetu bado hatujaitoa.

Kuhusu lugha, wasomi tuache mbwembwe. Maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hayamsaidii mama anayeuza ndizi stendi. Vibanda vyetu vilishalitatua jambo hili zamani: marehemu Lufufu alitafsiri filamu za nje kwa sauti yake mpaka watu wakawa wanamfuata yeye kuliko mwigizaji. Usiku ule tulimpata kijana wa bodaboda ambaye kijiweni huwa anamwigiza Lufufu kwa utani. Mimi nilikuwa namnong'oneza tafsiri, yeye anaitoa kwa chumvi yake. Kuna mahali alimpa mke wa Kisilu maneno makali kuliko aliyoyasema, na wanawake wakashangilia. Niliumia kidogo kama msomi, lakini nikanyamaza.

Sasa vitendo, kwa sababu makala za gazeti hili huwa tunaishia kwenye "wadau wajitokeze". Ile siku hatukuwa na kibali cha mtu yeyote, na sijivunii. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ipo, Bodi ya Filamu ipo, na wenye filamu wana haki zao. Mwanachuo mmojammoja akiandika barua ni rahisi kupuuzwa. Serikali ya wanafunzi ikiandika kwa muhuri wake, itajibiwa. Ndicho ninachoomba kwa viongozi wetu: barua za vibali na projekta moja. Projekta haizidi kile tunachokiteketeza kwenye muziki wa usiku mmoja wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza, na mimi nilicheza pale, kwa hiyo sijitoi.

Yanayobaki yanajiendesha. Jumatatu ya kwanza ya mwezi Makambako, Jumanne filamu ileile Njombe mjini, ni kilomita kama sitini tu. Njombe Juni na Julai usimwambie mtu akae nje usiku. Ni ukumbini, na ianze saa kumi na moja jioni ili watu wawahi kurudi kwenye jiko la mkaa. Kiingilio shilingi 500 kiende kwa mwenye kibanda, maana naye Jumatatu anakula. Tukiwa masomoni, yule kijana wa bodaboda na mwalimu mmoja wa sekondari aliyejitolea wataendesha. Nimeshawauliza, wamekubali.

Wiki iliyopita kijana yule alinipigia. Hakuuliza habari za chuo. Alitaka nimtumie filamu inayofuata mapema, aiangalie kwanza peke yake, kwa sababu ile ya kwanza, anasema, alitafsiri bila kujiandaa na mzee mmoja wa sokoni bado anamsahihisha kila akimpakia.