Sarafu za marehemu babu zisisuguliwe

Wiki hii tuweke kando presha na kisukari, tuzungumzie mkebe ulio chini ya kitanda cha wazee. Msomaji mmoja kutoka Tanga ameandika kwamba baada ya arobaini ya babu yao walikuta mkebe wa sarafu: heller za Wajerumani, senti kumi zenye tundu na shilingi za enzi za Mwingereza. Kaka yake anataka wazisugue kwa ndimu na chumvi zing'ae kabla ya kumpelekea mnunuzi. Mama yao amekataa. Nani ana haki?

Mama ana haki, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya afya.

Tuanze na bei. Ule weusi au ukahawia juu ya sarafu si uchafu. Ni utando mwembamba unaojijenga pale shaba au fedha inapokutana na hewa kwa miaka mingi, na kwenye shaba utando huo huikinga sarafu. Ukisugua unaondoa utando pamoja na madini yenyewe, na unaacha mikwaruzo. Mnunuzi anayeijua kazi yake ataiona mikwaruzo hiyo kwa lenzi, na bei itashuka. Tunasema kizuri chajiuza, lakini kwa wakusanyaji sarafu nzuri ni ile ambayo haijaguswa.

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyoanza mwaka 1921. Zile za miaka ya mwanzo zina fedha robo tu, kwa hiyo ukiyeyusha hupati kitu. Thamani yake iko kwenye hali yake. Au chukua heller zilizogongwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, vita vikiwa vimepamba moto. Zilitoka zikiwa na sura ya haraka, na sura hiyo ndiyo historia yake.

Ndimu na chumvi ndiyo mbaya zaidi. Asidi hula shaba, na chumvi inayobaki ikipata unyevunyevu inaweza kuanzisha unga wa kijani unaoendelea kuitafuna sarafu hata ikiwa kabatini. Kwa hewa ya pwani, hilo si jambo la kupuuza.

Sasa afya. Wapo wanaotumia tindikali ya betri. Hiyo huunguza ngozi, na tone moja jichoni laweza kupofusha. Wengine huchanganya jiki na siki au ndimu. Msijaribu! Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma koo na mapafu, na chooni au jikoni pasipo dirisha ni hatari zaidi. Ukianza kukohoa, toka nje upate hewa safi. Pumzi ikibana, nenda hospitali. Tindikali ikikurukia, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, kisha umwone daktari.

Kama sarafu ina udongo tu, iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi wala madini, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Soma lebo vizuri, maana tindikali huuzwa duka hilo hilo. Kisha iweke juu ya kitambaa laini, ikaushe kwa kuigusagusa bila kusugua. Ishike ukingoni. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, si kwenye mifuko laini ya plastiki inayonata. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Kabla ya kuuza, zipigeni picha pande zote mbili, ziorodhesheni mbele ya warithi wote, na muulize bei kwa wanunuzi wasiopungua wawili. Ndugu wengi hugombana si kwa sababu ya fedha, bali kwa sababu hakuna aliyejua mlikuwa na nini.

La mwisho ni watoto. Mkebe ukae juu, wasipofikia. Mtoto akimeza sarafu, msimtapishe wala msimpe tonge la ugali aisukume. Mpelekeni hospitali, na mkimbie kabisa kama anatoka udenda, anashindwa kumeza au anapumua kwa shida. Na kama hamna hakika ni sarafu au ile betri ndogo ya duara ya rimoti, chukulieni ni betri: huunguza koo la chakula ndani ya saa 2.