Kiwanja cha Kalemie kikaguliwe Aprili, si Agosti

Mwezi wa Agosti Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, hupendeza. Mvua imekatika tangu Mei, barabara zimekauka, na komisionere, yaani dalali, anamtembeza mnunuzi kando ya ziwa huku akisifu upepo. Kiwanja ni tambarare, bei inaongeleka, mwenye nyumba anataka pesa za haraka. Dola zinatolewa siku hiyo hiyo, na wengi huanza kulia zinaporudi mvua.

Ziwa Tanganyika huingiwa na mito mingi, lakini hutoa maji kwa njia moja tu: Mto Lukuga, unaoanzia papo hapo Kalemie na kwenda kumwagikia Mto Lualaba. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, Lukuga huelemewa na ziwa hupanda. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, hadi maji yakafikia kilele mwaka 1964. Yakashuka, watu wakasahau, wakajenga. Mwaka 2024 ziwa likarudi karibu na kimo kile kile, takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari, na familia za Kalemie zikahama nyumba zao sawa na majirani wa Uvira na Bujumbura.

Kwa hiyo ukuta ukaguliwe Aprili, mvua zikiwa hazijakatika, kabla ya kutajiana bei. Nyumba iliyoingiwa na maji haifichi siri kwa muda mrefu: mstari wa udongo kwenye tofali, plasta inayobanduka kuanzia chini, ungaunga mweupe wa chumvi, milango iliyovimba miguuni. Rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno nayo iulizwe maswali. Wapangaji wa jirani watasema maji yalifika wapi. Wao hawana cha kuuza. Anayekimbilia mlimani naye atazame korongo lililo karibu, maana mvua moja kubwa huweza kula nusu ya ua.

Kisha zije karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia tu. Karatasi ya shefu wa mtaa, hata ikiwa na mihuri mitatu, inaonyesha kwamba watu wawili walipatana, basi. Hati yenye nguvu ni cheti cha usajili kinachotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Cheti hicho kina namba za volimu na folio. Mnunuzi azinakili, aende ofisini mwenyewe bila komisionere, aulize kama kitabu kinasema hivyo hivyo na kama nyumba imewekwa rehani. Jometa wa kadasta, yaani mpimaji wa ardhi, naye apime mipaka majirani wakiwapo. Baada ya malipo, cheti cha zamani kifutwe na kipya kiandikwe kwa jina la mnunuzi. Kikishapita miaka miwili, kukipinga mahakamani huwa vigumu mno.

Muuzaji naye asikae tu akingoja mteja. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila kibali cha mume na mke, na nyumba ya urithi inahitaji saini za warithi wote, pamoja na yule wa Lubumbashi ambaye hapokei simu. Mambo hayo yamalizwe kabla ya kutangaza bei. Na kama maji yaliingia, aseme, apunguze dola kadhaa, na maelezo hayo yaandikwe ndani ya mkataba. Akificha, atarudishiwa kesi.

Lakini mzigo huu si wa raia peke yao. Ofisi ya mji na kadasta zinaweza kuchora mstari wa maji ya 2024 kwenye ramani ya viwanja, kuibandika ramani hiyo katika komuni za Lac, Lukuga na Kalemie, na kukataa kugawa kiwanja kipya chini ya mstari huo. Wapimaji wapo, na alama za kuwaongoza bado zinasomeka kwenye kuta. Kazi hiyo ianze kabla watu hawajazipaka rangi zote.