MWANAFUNZI APEWE NAFASI YA KUUNDA

Wako watu wasemao kwamba usanifu wa chipu za kompyuta si somo la vyuo vyenye mfuko mdogo, kwa kuwa kiwanda cha kuzitengeneza chagharimu mabilioni ya dola. Kwamba kiwanda ni ghali, hatubishi. Lakini hoja hiyo yachanganya kazi mbili, kuchora na kutengeneza. Mchora ramani ya nyumba halazimiki kumiliki tanuri la matofali.

Historia ni shahidi wetu. Mwaka 1978 Bibi Lynn Conway alifundisha somo hilo katika chuo cha MIT, Marekani. Wanafunzi wake hawakuishia kwenye karatasi za mtihani. Walichora saketi zao wenyewe. Michoro yao ikakusanywa pamoja katika bamba moja la silikoni, ikapelekwa kiwandani, nao wakarudishiwa chipu walizozisanifu, wazipime kama zafanya kazi. Gharama ambayo mmoja asingeimudu ilibebwa na wengi. Mwaka 1979 vyuo 12 vilishiriki katika kazi ya namna hiyo. Mwaka 1980 kikachapishwa kitabu alichoandika pamoja na Bwana Carver Mead, na mwaka 1981 ukaanza mpango uitwao MOSIS, wa kuvihudumia vyuo kwa njia iyo hiyo.

Matunda hayakukawia. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bwana David Patterson na wanafunzi wake walisanifu RISC-I, chipu ya amri 31 tu na transista 44,420. Walithibitisha kwamba kompyuta yenye amri chache na nyepesi yaweza kuishinda yenye amri nyingi na nzito. Bwana John Hennessy wa Stanford naye alishika njia hiyo, na wote wawili wakatunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2017. Leo karibu kila simu ya mkononi yaendeshwa na chipu ya ukoo huo.

Tena, mwaka 2010, Berkeley hiyo hiyo ilianza kuunda RISC-V, lugha ya amri ambayo chuo chochote duniani chaweza kuitumia bila kulipa ada ya leseni. Haitoi kiwanda, wala haitoi mwalimu. Lakini imeondoa kizuizi kimoja kikubwa.

Kwa hiyo twasema: somo hili lisifundishwe kwa ubao na chaki peke yake. Waalimu wasomeshwe, maabara zipatiwe vifaa, na kila mwaka itengwe fedha ya kupeleka michoro ya wanafunzi viwandani, vyuo kadhaa vikichangia bamba moja. Nanyi wafanyakazi, ambao kodi zenu ndizo zinazoviendesha vyuo vya umma, mnayo haki ya kuuliza si wangapi wamefaulu tu, bali pia wameunda nini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.