Hatamu hazishikwi hivyo

Gazetini kwetu haipiti wiki bila mtu "kushika hatamu". Waziri kashika hatamu, kocha mpya kashika hatamu. Nimeiandika mara nyingi tu, na kila mara kichwani nilikuwa na picha ya ngumi iliyokaza.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024 tulikuwa chumba cha habari tukisubiri fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris. Mchana ule runinga ikaonyesha dresaji kutoka Versailles, ule mchezo ambao farasi anapiga hatua kwa muziki na majaji wanatoa alama. Wenzangu wakacheka eti farasi naye anakata mauno. Mimi nikabaki naangalia mikono ya Mjerumani Jessica von Bredow-Werndl. Hatamu zimenyooka, lakini havuti. Akachukua dhahabu.

Tangu hapo nimesoma sana habari hizi (wakati mwingine badala ya kazi niliyopangiwa, mhariri anisamehe). Msimamo wangu: mkono mzito ni dalili kwamba mpandaji ameshindwa kazi.

Lijamu hukaa kwenye ufizi usio na meno, kati ya meno ya mbele na magego. Chini ya ngozi ile nyembamba ni mfupa. Farasi wengi wa ngazi ya juu huvalishwa lijamu mbili, na moja ina mnyororo chini ya kidevu na hufanya kazi kama wenzo, kwa hiyo ukivuta kidogo yeye anasikia kikubwa. Mvute basi. Naye ataegemea. Farasi wa nusu tani na mikono yako, nani atachoka mwanzo?

Watetezi wanasema farasi mwenye nguvu haendeshwi kwa uzi. Nusu wana hoja: hatamu zinazoning'inia hazimwambii farasi kitu. Lakini wepesi hauna maana ya kulegeza. Mpandaji anamsukuma kwa miguu na kiuno, farasi anaingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo, mgongo unanyanyuka, kisha yeye mwenyewe anaifuata lijamu. Mkono unashika, unaachia. Huko kuachia ndiko wengi wanakokusahau.

Wakubwa wa mchezo wanayajua haya. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FEI, zinataka pua ya farasi iwe mbele kidogo ya mstari wima. Lakini mwaka 2009 ilisambaa video ya farasi akipashwa misuli mashindanoni Denmark, shingo imekunjwa, ulimi umegeuka bluu. Februari 2010 FEI ikakataza kukunja shingo kwa nguvu, ikaruhusu mtindo unaofanana nao ilimradi nguvu isitumike. Jamani, nguvu ya mkono wa mtu unaipimaje kwa macho? Mwaka 2025 wameleta kifaa cha kupima ukanda wa puani usikazwe mno. Safi. Na hatamu je?

Dawa wanayo. Kwenye mitihani ya ngazi za chini lipo zoezi la kusogeza mikono mbele na kuachia hatamu kwa hatua chache, jaji aone kama farasi anabaki kwenye mwendo wake. Lipelekwe Grand Prix, lipewe alama nyingi. Mdau aliyewahi kupanda na ana hoja ya kunipinga, aje, namsubiri.