Kabla ya kununua kisu kipya, kagua kinoo

Ndugu wafugaji, wakulima na wauza samaki, tukiona kisu hakikati tunalaumu chuma. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi kosa ni la jiwe.

Mwanza ni jiji la miamba, hivyo pale Kirumba ni rahisi kunoa kwenye jiwe lolote au ukingo wa saruji. Lakini miamba yetu mingi ni ya itale, yenye punje kubwa zisizolingana. Hutia makali meno meno: kisu kinararua mnofu wa sangara badala ya kuukata, nawe unakikandamiza kwa nguvu hadi kinateleza na kukujeruhi. Mnofu uliochanika mteja hupunguza bei.

Ukienda dukani, chagua kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa laini. Pitisha ukucha: uso uwe sawasawa, bila vishimo. Kigonge taratibu: mlio mzito usio na mwangwi huweza kuashiria ufa. Kisha weka rula juu yake: mwanga usipenye katikati.

Kisu butu anzia upande wa kukwaruza, malizia kwenye laini. Lowesha kwa maji, inua mgongo wa kisu kiasi cha unene wa penseli, na tumia uso wote wa jiwe ili lisibonyee katikati. Likibonyea, lisugue kwenye sakafu bapa yenye mchanga laini na maji.

Kinoo kizuri hununuliwa mara moja kikatunza visu vingi. Anza na jiwe.