Kukanyaga Mafuta Si Udereva

Mwezi uliopita nilipanda Probox pale Kabati, nikienda Kitui mjini. Kiti cha nyuma tulikuwa wanne, mbele wawili wakibanana na dereva, na kwenye buti wengine wawili wamekumbatia gunia la ndengu. Dere alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu. Kona ya kwanza aliikata bila kugusa breki. Lori la mchanga akalipita kilimani, mahali huoni kinachokuja. Ndipo sauti ikatoka kwenye buti: "Huyu akipelekwa Naivasha, wazungu watakula vumbi!" Gari zima likacheka. Mwaitu mmoja tu, aliyekaa kando yangu, alisema, "Polepole mwanangu, kuna kona hapo." Hakuna aliyemjali. Mimi pia nilicheka, na hadi leo kicheko hicho kinaniuma.

Wasee, huu ni uongo tunaopenda kuambiana: kwamba stejini zetu zimejaa madereva wa mashindano, ila tu hawajaonekana. Ni uongo mtamu. Pia unaua.

Hebu tuangalie dereva wa rali anafanya nini hasa. Kabla ya shindano, yeye na mwelekezi wake hupita kila mkondo kwa mwendo mdogo uliopangwa, wakiandika kila kona: inakunja kiasi gani, jiwe liko upande gani, korongo linaanzia wapi. Siku yenyewe mwelekezi humsomea daftari lile, naye hulitii. Kwa hivyo akiingia kwa kasi kwenye kona asiyoiona, habahatishi. Amefungwa mkanda mabega yote mawili, amevaa helmeti, amezungukwa na kizimba cha vyuma. Barabara imefungwa; hakuna mtoto wa shule, hakuna punda wa maji. Na kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, gari lile lile hupita barabara ya umma likifuata sheria za trafiki kama gari la mwalimu mkuu.

Kuna kanuni nyingine ningependa ibandikwe kila stejini. Katika rali ya dunia, ukichelewa dakika moja kufika kituo cha saa, unaongezewa sekunde 10. Ukifika dakika moja mapema, unaongezewa dakika nzima. Soma tena. Mchezo wa mbio wenyewe unamwadhibu anayewahi mara sita zaidi ya anayechelewa. Mwambie hivyo dere anayekimbilia foleni ya Kitui ili apate abiria kabla ya mwenzake.

"Lakini kipaji je?" Sawa, tuongee kipaji. Kalle Rovanperä wa Finland alishinda Safari Rally mwaka 2022, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22, mdogo kuliko bingwa yeyote kabla yake. Baba yake, Harri, alikuwa dereva wa rali. Akiwa na miaka minane, Kalle tayari alikuwa akiendesha Toyota Starlet mbali na barabara za watu. Hapa kwetu, McRae Kimathi alikwenda kushindana kwenye theluji ya Sweden mwaka 2022. Baba yake ni Phineas Kimathi, dereva wa zamani, na jina la McRae ni la Colin McRae, bingwa wa dunia wa 1995. Simwonei wivu, kazi ameifanya. Ninachosema ni kwamba kipaji chake kilipata mahali pa kukosea.

Hilo ndilo linalohitajika kuliko mguu mzito. Mwaka 2021 Rovanperä alikwama kwenye mchanga wa Kedong. Mwaka uliofuata akarudi na kushinda. Dere wa Kabati akikosea mara moja, tunafunguliwa kikundi cha WhatsApp cha kuchangia mazishi.

Utaniambia huu ni mchezo wa matajiri. Haukuwa hivyo daima. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ndugu yake Jaswant akiwa mwelekezi. Akashinda tena 1974 na 1976. Alitokea gereji, na mikono yake ilijua gari linavyolalamika kabla halijavunjika. Mafundi wa aina hiyo wako Kabati leo, chini ya mti, wakirudishia shokomzoba uhai mara ya tatu. Wanachokosa ni mlango wa kuingilia. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, sehemu kubwa ya mbio hufanyika Naivasha na viunga vyake. Pesa za umma zinakwenda huko. Sisi wa huku tunaachiwa runinga na mdomo.

Sidai rali ya dunia ije Kitui West. Nadai uwanja mmoja wa vumbi wa mbio za otokrosi, uliozungushiwa ua, wenye ambulensi na mtu wa kufundisha vijana kusoma kona. Mafundi wetu wafundishwe kuchomelea vizimba vya vyuma kwa kipimo kinachokubalika. Ardhi kavu hatukosi. Najua kuna watakaosema maji kwanza. Kweli, maji kwanza. Lakini mbio tayari tunazigharamia kila mwaka, kwa miguu iliyokatwa na kwa karo za watoto walioachwa na marehemu. Nani alipitisha bajeti hiyo?

Hadi uwanja huo upatikane, tuache kumwita dere McRae. Ukiwa kwenye buti, usishangilie. Ndani ya Probox ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefanya kazi ya rali: mwaitu aliyeijua kona na kuitaja mapema. Dereva wa mashindano angemsikiliza.