Mlango wa Vitamini B12



Ndugu zetu wa Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Viktoria, Mola hakuwanyima chakula bora. Samaki na dagaa wao, waitwao omena, wana vitamini B12 tele. Hata hivyo, mgonjwa aliyewahi kupasuliwa uvimbe wa utumbo aweza kuvila hivyo kila siku, na mwili wake usipate kitu.

Sababu ni kwamba B12 huingia mwilini hasa kwa mlango mmoja: mwisho wa utumbo mwembamba, karibu na unapoanza utumbo mpana. Hapo ndipo aghalabu huota uvimbe wa Burkitt ukiingia tumboni. Maradhi haya huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kama ukanda wa ziwa. Daktari Denis Burkitt aliyaeleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Mara nyingi hutibiwa kwa dawa. Lakini uvimbe wowote ukilazimu kipande hicho kikatwe, mlango umefungwa.

Dhara yake haionekani upesi, kwani ini huweka akiba ambayo kwa mtu mzima hudumu miaka kadhaa. Kidonda kimepona, kliniki imesahauliwa, ndipo huja uchovu, ulimi kuwaka, ganzi ya miguu na kusahausahau. Jamaa husema maradhi yamerudi, au ni husda. Bibi huambiwa ni uzee.

Hapo tujihadhari na vidonge vya foliki vilivyobaki nyumbani tangu ujauzito. Vyaweza kuongeza damu, uso ukanawiri, sote tukafurahi, ilhali mishipa ya fahamu yaendelea kuharibika kwa kukosa B12, na mingine haiponi tena. Na anayetibiwa kwa methotreksati asivimeze bila idhini ya daktari wake, kwani vyaweza kuipunguzia dawa nguvu.

Basi, mama wa nyumba, muulize daktari ni kipande gani kilichokatwa, na uihifadhi karatasi ya upasuaji. Omba damu ipimwe B12, hata kama miaka imepita. Ikipungua, tiba ni sindano, ambazo huenda zikahitajika maisha yote. Mgonjwa asiziache kwa kuwa amepata nguvu, maana nguvu hizo zatokana nazo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kufuatilia tiba ni sehemu ya amri hiyo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.